Baba Yake Khalaf Anakwenda kwa Miguu

Birkat al Mauz,
Februari 1984

Kwa ndugu yangu mpenzi Shukriya,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikitaraji kwamba barua hii itakukuta u mzima, wewe na mwanao Badriya na wajukuu wote, na kwamba upepo wa pwani ya Sur haujakurejeshea kile kifua cha mwaka jana. Mimi ni mzima kwa kadiri anayostahiki mtu wa umri wangu, na yaliyozidi hapo nitakueleza chini, kila jambo mahali pake. Khalaf anakuamkia, shikamoo. Angekuandikia mwenyewe, lakini vijana wa sasa ukiwapa kalamu na karatasi wanauliza simu iko wapi.

Barua uliyompelekea ameileta kwangu, nami nimeisoma mara mbili. Ndani yake unamlaumu kwa machozi kwamba ameniacha mimi, baba yake, nihangaike barabarani kwa miguu katika baridi, wakati yeye anaendesha gari jipya. Unasema pia kwamba utamtuma mume wa Badriya aje anichukue nikae kwako. Kwa mapenzi yaliyomo ndani ya barua hiyo nakushukuru sana. Kwa akili iliyomo siwezi kukushukuru, kwa sababu si akili yako, ni ya Kaltham.

Binamu yetu huyo alipita hapa mwezi wa Disemba katika gari la mwanawe. Alinikuta nje ya kijiji asubuhi, nimevaa viatu vya mpira na soksi za sufi chini ya kanzu, koti juu yake, na bakora mkononi. Mwanawe akasimama akanikaribisha nipande. Nikamshukuru, nikamwombea dua, nikaendelea na njia yangu. Hilo ndilo tukio zima. Kaltham akageuza shingo akanitazama kwa kioo cha nyuma mpaka nikapotea machoni, na alipofika Sur hadithi ilikuwa imekwisha pikwa na kupakuliwa: Nadhir amefukuzwa na mwanawe, anazurura njiani, amechanganyikiwa, hata lifti haitaki. Mimi simshangai. Tangu tulipokuwa skuli Kaltham alikuwa akitoa jibu la hesabu kabla ya kusoma swali. Ninakushangaa wewe, uliyekuwa ukikaa dawati la mbele yake na kuziona alama zake.

Sasa sikiliza ukweli. Unajua kwamba nina sukari, kama alivyokuwa nayo mama, na kama uliyonayo wewe ingawa unapenda kuiita uchovu. Baridi ilipoanza nilikwenda hospitali Nizwa, na daktari, Mhindi mmoja asiyependa maneno mengi, aliniambia kwamba mguu usiotembezwa hukimbiwa na damu, na kwamba wengi katika wagonjwa wake wa sukari huja wamebebwa na hurudi kwao wamepungua. Nikamwuliza wamepungua nini. Alipitisha kiganja chake chini ya goti, kama mtu akataye mkate. Basi nikaanza kutembea kila siku.

Na mimi najua kufuata kanuni. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikumvumilia mwanafunzi aliyeijua kanuni akaivunja kwa uvivu, na sikuona sababu ya kujivumilia mwenyewe. Sikutoka nyumbani mpaka jua lilipopanda juu ya mitende na ile baridi ya alfajiri kukatika. Viatu nilivikung'uta kwanza, kwani nge naye hupenda joto. Nilivaa nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, ili nikianza kutoka jasho niivue ya juu, jasho lisinipoe mwilini. Nilikwenda upande wa barabara ambao magari hunijia usoni, si ule ambao huja kwa nyuma kama wezi. Tende chache zilikuwa mfukoni kwa ajili ya kizunguzungu. Mawingu yakionekana juu ya mlima wa Jabal Akhdar, sikulikaribia wadi, lile bonde kavu ambalo mafuriko huliingia ghafla, hata kama mbingu juu ya kichwa changu ni safi kama sahani. Na nikirudi, nilikaa nikatazama nyayo zangu kwa kile kioo kidogo ambacho marehemu mke wangu alikuwa akitilia wanja. Huo ndio wazimu wangu wote, Shukriya. Kama unaona kuna neno la kupunguza, lipunguze.

Wenye akili timamu wa hapa wao hufanyaje? Baridi ikiingia hujifungia vyumbani na makaa, mlango wameuziba kwa matambara, wakavuta moshi mpaka macho yakawa mekundu, kisha wakaambizana kwamba hewa ya nje inaua. Wakilazimika kutoka, hujizongomeza shali kichwani hata yakabaki macho tu, na huko chini wamevaa makubadhi, visigino vimepasuka kama udongo wa shamba lililokosa maji. Jirani yangu Marhoun huwasha gari kwenda kusali. Msikiti uko karibu naye kiasi kwamba akipiga chafya kitandani kwake imamu humwombea rehema, lakini huwasha gari, hulingojea lipate moto, huenda, na hukosa rakaa ya kwanza akitafuta pa kuliweka.

Na adabu ya nchi ni kwamba gari halimpiti mzee njiani. Adabu hiyo ilikuwa na maana zamani, mtu alipokuwa akitoka Izki kwa miguu kwa sababu hana namna nyingine, na aliyempandisha nyuma ya ngamia wake alipata thawabu. Leo imekuwa maradhi. Siwezi kunyanyua mguu ila nasikia breki. Nikikataa naulizwa nimegombana na nani. Siku za mwanzo nilikubali kwa haya, nikapelekwa kwenye majlisi ya mtu nisiyemjua jina, nikaulizwa khabari za watu wote mpaka za waliokufa, nikamiminiwa kahawa, nikawekewa sinia la halua, na nikarudishwa nyumbani kwa gari nikiwa nimetembea hatua chache na kula halua ya harusi nzima. Nikaacha kukubali. Hapo ndipo yalipoanza maneno, maana kwa watu hawa baba akionekana njiani kwa miguu, tafsiri ni moja tu: mtoto wake hana kheri. Marhoun alikuja mwenyewe kunionya, akasema watu wanazungumza. Nikamwambia wakimaliza anijulishe.

Kama mambo yangeishia hapo ningeyacheka na kuyasahau. Lakini khabari ilifika Ibra.

Unajua kwamba Khalaf amemposa Aliya binti Humoud. Humoud huyo wa Ibra hujapata kumwona, nami sikuwa na haraka ya kukuonyesha. Ni katika wale waliotoka Tabora. Kiswahili chake nusu kimeliwa na Kiingereza na nusu kimelala. Ana maduka ya vipuri vya magari, yaani ni mtu ambaye riziki yake yote imetokana na watu kutokwenda kwa miguu. Aliposikia kwamba baba wa mposaji huonekana barabarani na bakora, akatuma neno: kijana asiyemwonea haya baba yake atamwonea haya binti ya nani? Akasema mambo yasimame kwanza mpaka aje aone kwa macho yake.

Khalaf alikuja chumbani kwangu, akakaa chini karibu na miguu yangu kama alipokuwa mdogo. Ni mtu wa miaka thelathini, ana afisi na karani. Anampenda binti yule. Hakulisema, lakini mimi si kipofu. Akasema, "Baba, ni mpaka harusi tu." Nikamwambia kwamba mguu hausomi kalenda. Akafikiri, akaleta rai nyingine: kila asubuhi anipeleke kwa gari mahali ambapo hapana anayetujua, nitembee huko, kisha anirudishe. Yaani nipakiwe ili nikatembee. Kwa ajili yake nilikubali. Akanipeleka Firq, nyuma ya zile karakana za magari, nikazunguka baina ya marundo ya matairi na madimbwi ya mafuta, mpaka mbwa wa huko, ambao ndio pekee waliofurahi kuniona, waliponifukuza mmoja akaondoka na kipande cha kanzu yangu. Nikamwambia Khalaf kwamba aibu ya kutembea kwa miguu naiweza, ya kukimbizwa na mbwa siiwezi. Nikarudi kwenye barabara yangu. Hakunikasirikia.

Humoud akaja mwezi uliopita. Khalaf alikuwa amekwenda kumlaki Izki, akaliacha gari lake huko, akakaa naye mbele katika gari kubwa la Humoud, refu kama ghorofa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha mlimani. Kijijini hapakuanguka hata tone, na asubuhi jua lilikuwa kali, lakini nilipokwisha vuka wadi kilele cha Jabal kiligeuka cheusi. Mimi nilikuwa njiani narudi nyumbani, na nilikwisha azimia kungoja ukingoni. Nikasikia gari nyuma yangu likipunguza mwendo. Halikunipita. Lilinifuata mwendo wa jeneza, na mengine nyuma yake yakapanga foleni yakipiga honi, ukadhani ni bibi harusi anayesindikizwa. Humoud akashusha kioo, akatoa kichwa na kilemba chake chote, akasema, "Mzee, panda. Unatutia aibu mbele ya watu."

Nikamjibu, "Wewe una gari, mimi nina miguu. Kila mmoja atunze chake."

Tukaenda hivyo mpaka ukingoni mwa wadi, pale barabara inaposhuka kuvuka. Maji yalikuwa yameanza kupita, mekundu, ya kina cha kifundo cha mguu tu. Sisi tuliokulia kwetu ng'ambo ya bahari, Shukriya, tumezoea mvua yenye insafu: ukiiona umelowa, usipoiona u mkavu. Watu wetu wengi wamekuja nchi hii na desturi hiyo vichwani, wakadhani maji ya wadi ndiyo hayo wanayoyaona, na hawajui kwamba yanayoonekana ni tarishi tu, mwenyewe yuko nyuma. Nikasimama. Nikamwambia Humoud asiingie, angoje, kwa kuwa mlima umefunga mawingu. Akacheka. Akasema gari lake limekwisha vuka mito ya bara yenye mamba. Akanihimiza nipande anivushe, watu wakaone huko ng'ambo kwamba baba yake Khalaf ameingia nyumbani kama watu.

Nikamtazama mwanangu. Macho yalikuwa magotini. Nikamwambia kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani, "Khalaf, shuka."

Hakushuka. Si kwamba hakusikia, wala si kwamba hakuamini. Alikuwa amekaa kando ya mkwe ambaye bado hajawa mkwe, na kushuka garini mwake kungekuwa kumwambia kwamba ni mjinga. Adabu, Shukriya. Adabu ile ile isiyomwacha mzee atembee ndiyo iliyomfunga kijana kwenye kiti, mbele ya maji. Akasema kwa sauti ndogo kwamba nisiwe na khofu. Wakaingia.

Katikati gari likazimika. Hapo ndipo nilipousikia ule mngurumo wa mawe yanayovingirika, ambao ukiusikia mara moja huhitaji kuelezwa. Maji yakaja yamebeba makuti na magogo, yakalibana gari ubavuni, yakaligeuza, yakalisukuma mpaka likakwama kwenye mwamba, na maji yalikuwa yamekwisha fika madirishani. Wale waliokuwa na magari nyuma yake walitoka wakasimama ukingoni, wakapiga mayowe na kumwomba Mungu, kila mmoja na funguo zake mkononi. Hakuna aliyeweza kugeuza, maana walikuwa wamejibana wenyewe kwa wenyewe katika njia nyembamba, wakiwa katika foleni yangu. Na hakuna aliyeanza kukimbia. Nadhani walisahau kwamba hilo linawezekana.

Nikakimbia mimi. Nilikata kwa mkato kupitia mashamba ya ndizi, nikauvuka mfereji wa falaji, tope likanivua kiatu cha kushoto na sikurudi kukitafuta. Watu walikuwa wakipakia mikungu katika lori upande wa juu. Nikawaambia kamba, na lori, na sasa hivi. Tuliporudi Khalaf alikuwa amemtoa Humoud dirishani na kumpandisha juu ya paa la gari, na yeye mwenyewe bado alikuwa nusu ndani ya maji, mkono mmoja umeshika chuma cha paa. Kamba ilirushwa ikakosa, ikarushwa tena. Alimfunga Humoud kwanza. Nilitaka kumpigia kelele ajifunge yeye, na namshukuru Mungu kwamba pumzi hazikunitosha, maana ningebaki na neno hilo mpaka kaburini. Walimvuta Humoud, kisha wakamvuta mwanangu, na muda si muda gari likapinduka likaenda zake.

Sasa sikia malipo. Maji yalipopungua tulivushwa, Humoud akakalishwa kwangu, amefunikwa blanketi langu, anakunywa kahawa yangu, na watu wamejaa chumba kizima kumpa pole. Akawaeleza kwamba kila jambo ni majaaliwa, ila lau mzee angepanda mara ya kwanza alipokaribishwa, wangevuka mapema kabla ya maji. Na wote wakatikisa vichwa. Marhoun ndiye aliyetikisa zaidi. Nikanyanyuka nikaenda kukaa na Khalaf, aliyekuwa ukumbini amejikunyata. Alichukua mkono wangu akauweka juu ya kichwa chake, akauacha hapo.

Lakini Humoud, nimpe haki yake, aliona ni nani aliyemfungia kamba. Kabla ya kuondoka alikubali ndoa, na siku imewekwa Alkhamisi ijayo. Amekwisha nunua gari jingine, refu kuliko la kwanza.

Sasa nifike pale nilipokuahidi kufika.

Jambo ambalo daktari aliniambia siku ile ya kwanza, na ambalo sikumwambia mtu, hata Khalaf, ni kwamba nyayo zangu zimekufa ganzi. Ndiyo maana ya kile kioo, na ya vile viatu alivyonikuta navyo Kaltham. Nilipokimbia na soksi peke yake juu ya mawe na miiba sikuhisi chochote. Niliona damu nilipofika nyumbani, nikaenda hospitali siku ile ile, nikafungwa dawa, nikarudi kila nilipoitwa, nikafuata kila nililoambiwa. Kidonda hakikufuata. Sasa kimekuwa cheusi, na harufu yake naifunika kwa udi, ndiyo maana wageni wanasema nyumba ya Nadhir inanukia harusi. Mguu wa kushoto utakatwa Jumamosi, siku ya pili baada ya kumaliza harusi. Hiyo ndiyo siku waliyonipa, sikuichagua. Chini ya goti, kama alivyonionyesha kwa kiganja. Gari la Humoud limepatikana jingine.

Khalaf anadhani ni kidonda kidogo, nami nataka adhani hivyo mpaka Ijumaa. Akijua ataivunja harusi mwenyewe, na atajitwisha mzigo ambao si wake. Sijutii hata hatua moja niliyoikimbia asubuhi ile, na ukimwona amekaa kwa huzuni siku za mbele, umwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, maana mimi nikimwambia atadhani namliwaza.

Kwa hiyo usimtume mume wa Badriya kuja kunichukua. Njoo naye wewe, kwa ajili ya harusi, na ubaki mpaka Jumamosi. Nitahitaji mtu asiyelia hospitalini, na katika ukoo wetu hayupo mwingine ila wewe, ukiacha kuwasikiliza wajinga. Na Kaltham ukimwona, mbashirie: Nadhir amesikia nasaha yao. Kuanzia Jumamosi atapanda kila gari litakalosimama, na hapana atakayemwona tena akienda kwa miguu. Waridhike.

Lakini wewe una miguu miwili, na sukari unayoiita uchovu. Baridi ya Sur ni nyepesi, huna udhuru. Jua likipanda vaa viatu vya kufunika, si makubadhi, mchukue Badriya, mwende ufukweni na mrudi, kila siku, na jioni utazame nyayo zako kwa kioo kama unavyotazama uso.

Wasalimie wote wanaoniulizia kwa kheri, na wanaoniulizia kwa udadisi pia, wao ndio wengi. Wajukuu wabusu vichwani. Nakuombea safari ya salama, na mkikuta wadi lolote njiani lina maji, hata ya kifundo, mngoje, walio nyuma yenu wapige honi mpaka wachoke.

Na ukiwa unatembea, gari likisimama, usipande.

Ndugu yako akupendaye,
Nadhir